Othman Shutu, Hakimu wa Santuri

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike habari za mtu wa hapa kwetu Msambweni anayestahili kukumbukwa. Wenzangu wote wamewaandika masheikh na wakunga. Mimi namwandika mume wangu, Othman Shutu, na sisemi kwamba anastahili. Namwandika kwa sababu ndiye ninayemjua, na kwa sababu kuna maneno niliyoyameza miaka mingi nikiwa jikoni nakuna nazi, naye yuko barazani anajisifu. Mwenyewe yu hai, amekaa hapo nje, na anajua ninachoandika. Ameniomba nisiandike habari za sindano. Nitaziandika.

Othman aliamini kwamba Mwenyezi Mungu amewagawia waja wake vipaji: huyu sauti ya kuadhini, yule mkono wa dawa, na yeye jicho la santuri. Ukimletea santuri alikuambia ina umri gani, imepigwa mara ngapi, imepigwa na mtu wa namna gani, na imebakiza maisha kiasi gani. Hakuna aliyemtawaza kuwa hakimu wa santuri. Alijitawaza.

Ujuzi wenyewe aliupata Diani, kwenye nyumba ya wageni ya Mzungu mmoja. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kusimama kando ya gramafoni kila Jumamosi Wazungu wakicheza dansi. Alitoa santuri moja, akaweka nyingine, akatia ufunguo, akabadilisha sindano. Basi. Hakuimba wala hakupiga ala. Lakini akisimulia ungedhani dansi zile zote zilichezwa kwa miguu yake. Mzungu alipoona uhuru unakuja alifunga virago akarudi kwao, na gramafoni akamwachia Othman: sanduku kubwa la mbao, la kutia ufunguo kwa mkono, pamoja na mikebe mitatu ya sindano za chuma. Mimi nilikuwa nimeahidiwa doti ya leso. Nilimwona mume wangu anashuka kwenye basi amekumbatia sanduku lile kama mtu aliyetoka hija, na leso zangu hazikuwemo.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa mahakama. Ulikuwa wakati ambapo Wazungu wa pwani walikuwa wakiondoka na kuuza kila kitu, na watu wetu walinunua kila kitu, hata visivyo na kazi. Kila mwenye minazi mitatu alitaka santuri. Walikuja kwetu kutoka Gazi na Ramisi, wakaja hata kutoka Kinango, ambako maji ya kunywa hayapatikani lakini santuri zilipatikana. Mfugaji mmoja aitwaye Chengo alitoka huko na santuri aliyobadilishana kwa mbuzi. Ikapigwa. Haikuwa na wimbo. Ilikuwa sauti ya Mzungu akiwaamrisha watu wanyooshe mikono, wapige magoti, wasimame, wahesabu. Othman aliisikiliza pande zote mbili macho ameyafumba, kisha akasema, "Haina hata mkwaruzo. Itunze, bwana." Chengo akaenda zake amefurahi, ameacha mbuzi mzima kwa ajili ya kuamrishwa apige magoti.

Hukumu zake zilikuwa na madaraja manne, nayo niyaseme, kwa sababu yaliniudhi. Santuri isiyoguswa aliiita mwali. Iliyotumika lakini bado ina sauti aliiita mama. Iliyochoka ilikuwa bibi. Iliyokwisha ilikuwa marehemu, na hiyo aliitia kwenye maji ya moto ikalainika, akaikunja iwe bakuli la njugu. Nilimwuliza kwa nini hakuna daraja linaloitwa baba wala babu. Watu waliokuwa barazani walicheka, naye akasafisha koo akaendelea.

Nisimdhulumu. Kuna aliyoyajua, na mengine nimeyajifunza kwake bila kutaka. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa santuri yoyote, akaikausha vizuri. Santuri yenyewe aliishika kwa viganja, ukingoni, vidole visiguse uso wake hata kidogo, kwa sababu jasho la vidole hukaa mle kwenye mifereji na kualika vumbi. Aliielekezea dirishani jua la saa tatu likiwa limelala, akaigeuza polepole, na mikwaruzo yote ikajitokeza. Aliangalia tundu la katikati: santuri iliyopigwa sana huwa na vijia vyembamba kuzunguka tundu, pale mtu alipokuwa akipapasa kutafuta mahali pa kuichomeka. Alizisimamisha, hakuzilaza moja juu ya nyingine, kwa sababu joto la huku kwetu huzipinda. Sindano ya chuma aliitumia upande mmoja tu wa santuri kisha akaitupa. Hayo yote ni kweli.

Lakini zilisimamishwa wapi? Katika kabati la sahani zangu. Sahani zangu zikahamia chini ya kitanda, zikakaa na viatu. Zilioshwa katika nini? Katika karai langu, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande ambayo mimi nikiiomba naambiwa imekwisha, kisha zikaanikwa kivulini na kupepewa. Santuri za Othman zilioga kabla ya binti yake. Na mikono ile iliyonawa kwa ajili ya santuri haikunawa kwa ajili ya mtu yeyote. Mtoto alipokuwa mchanga alimbeba na mikono ya ugoro.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwa binti. Watu wa pwani tunapaka mafuta ya nazi kila mahali: nywele, miguu, bawaba za milango. Basi wako wajanja waliozipaka hata santuri. Santuri kuukuu ukiipaka mafuta ya nazi inang'aa kama mpya, mikwaruzo inajificha, na mnunuzi anagundua baada ya wiki, vumbi likishaganda. Othman alimkamata mchuuzi mmoja wa Ramisi, Mangi, kwa kunusa tu. Aliitoa santuri kwenye mfuko wake wa karatasi, akaipeleka puani, akasema, "Mafuta." Mangi akaomba radhi mbele ya watu. Habari zikafika mpaka Vanga. Hilo ndilo lililomwangamiza mume wangu, maana tangu siku hiyo alinusa mafuta kila mahali, hata pasipo na mafuta.

Binti yetu ni mmoja, Kibibi. Aliposwa na Mselem, dobi wa hoteli ya Wazungu kule Galu, mtoto wa Bwana Abdulrahim fundi cherehani. Othman alikubali kwa shingo upande. "Dobi," alikuwa akisema, kama kwamba yeye aliwahi kuwa liwali. Kibibi alimtaka Mselem, na alilisema hilo kwangu waziwazi, jambo ambalo wasichana wa wakati huo hawakulisema. Mimi nami nilimpenda kijana yule. Alikuwa mpole, na nguo zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani kwetu.

Mselem alijua mkwewe ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo alipotayarisha sanduku la bibi harusi, lile ambalo upande wa bwana hulileta na wanawake wa upande wa bibi hulifungua na kukikagua kila kilichomo, aliongeza kitu ambacho hakijawahi kutiwa katika sanduku lolote Msambweni: santuri mpya. Dada yangu Biasha alifuatana na mama yake Mselem mpaka dukani Mombasa. Alimwona mwenye duka akizishusha rafuni, kila moja kwenye mfuko wake, hazijaguswa. Zilikuwa za zile zilizokuwa ndiyo kwanza zinaingia: za mwendo uleule wa zamani, lakini nyepesi, za plastiki, ukiziangusha hazivunjiki. Zilinunuliwa saba. Sita ziliingia sandukuni. Ya saba Mselem alimpa Biasha amfikishie Kibibi chumbani, kwa siri, iwe yake mwenyewe.

Sanduku lililetwa Alhamisi, bendera mpya haijatimiza mwezi pale kwa mkuu wa wilaya. Bi Kadzo, mama yake Mselem, alikuja na wanawake kumi na mbili wa Galu, na vigelegele vilianza tangu barabarani. Tukalifungua. Leso zilikuwa nzuri, viatu vilikuwa vizuri, udi, marashi, chupa kubwa ya mafuta ya nazi yaliyotiwa asmini. Kibibi alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Kisha zikatolewa santuri, na hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Othman na gramafoni yake kifuani.

Mwanamume haingii pale sanduku linapofunguliwa. Hajawahi kuingia baba yake, wala babu yake. Nilimwambia, "Baba Kibibi, hapa ni pa wanawake." Akasema, "Leso kagueni nyinyi. Hizi ni kazi yangu." Akanawa mikono. Naam, mbele ya wageni, karai likaletwa, akanawa.

Alizishika moja moja akazielekezea dirishani. Nilimwona uso wake, na nilijua haoni kosa lolote. Mashimo ya katikati yalikuwa safi. Uso wa kila moja ulikuwa mweusi usio na mstari. Angesema mwali, tukapiga vigelegele, tukala. Lakini alikuwa na mashaka na ule wepesi. Alizipima mkononi, akaibonyeza moja ikapinda kidogo, akakunja uso. Kisha akainusa.

"Mafuta," akasema.

Bi Kadzo akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Ndiyo, bwana. Zimekaa safari nzima na chupa ile ya asmini. Hata viatu vinanukia."

"Tutaona," akasema Othman. Akatia ufunguo, akachukua sindano mpya ya chuma kwenye mkebe, akaikaza, akaushusha ule mkono mzito wa gramafoni juu ya santuri ya kwanza. Sauti ilitoka safi, na wanawake wa Galu wakashangilia. Lakini alipounyanyua mkono, kwenye ncha ya sindano palikuwa pamening'inia kitu cheusi, kama buibui mdogo. Akakionyesha pande zote za chumba.

"Uchafu. Vumbi lililogandishwa kwa mafuta. Sasa sikilizeni uzuri wake ukishaondoka." Akatia sindano nyingine mpya akaipiga santuri ileile mara ya pili. Safari hii mwimbaji alikuwa akiimba huku nyuma yake samaki wanakaangwa. Mara ya tatu ilikuwa samaki watupu.

Akafanya hivyo kwa zote sita, pande zote mbili. Kila moja sindano mpya, kila moja uzi mweusi, kila moja mara ya kwanza safi na mara ya pili mbovu. Biasha alipiga kelele, "Shemeji, nilikuwepo! Nimemwona mwenye duka akizishusha!" Othman akamwambia, "Wewe unajua upawa. Santuri niachie mimi." Na nyuma ya pazia nikamsikia Kibibi, ambaye siku hiyo hakutakiwa kutoa sauti kabisa, akisema, "Baba, mpya hizo. Baba, nakwambia ni mpya."

Hakugeuza hata kichwa. Alizipanga zile sita kwenye mkeka, akafuta mikono. "Bibi," akasema. "Zote sita bibi, zimepakwa mafuta zikaletwa hapa kama mwali. Mtu anayenidanganya kwa santuri atanidanganya kwa mwanangu."

Bi Kadzo alizikunja zile leso mwenyewe, taratibu, akavirudisha viatu, akairudisha chupa, akafunga sanduku. "Bwana Othman," akasema, "sisi ni mafundi wa nguo. Kitu kibovu kwetu kinatiwa kiraka mbele ya macho ya mwenyewe, hakipakwi mafuta. Tulikuja na heshima zetu, tunaondoka nazo." Zile santuri sita aliziacha pale mkekani. Wanawake kumi na mbili wakatoka bila kigelegele hata kimoja, na majirani wote wakiwa wamesimama milangoni.

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu mzima, mwenye mvi, ameingia kwenye shughuli ya wanawake na kuvunja ndoa ya binti yake kwa kunusa, kisha anarudi barazani kueleza jinsi alivyomkamata mwizi wa pili baada ya Mangi.

Kibibi hakulia. Aliacha kusema na baba yake, basi. Alimwekea chakula, akageuka. Jumapili ikaja habari kutoka Galu kwamba Mselem anaacha kazi. Mjomba wake alikuwa na duka Mackinnon Road, na alimtaka aende akakae naye kabisa. Angeondoka Ijumaa ijayo baada ya sala. Kibibi alipoambiwa alikaa kwenye kiti cha mbuzi ya nazi, mikono mitupu, hakuwa na nazi ya kukuna.

Siku iliyofuata nilikuwa nafagia chumba, nikaona zile nyuzi nyeusi ambazo Othman alizipangusa kwenye sindano akaziacha mkekani. Nikaokota moja. Nimekuna nazi tangu nina miaka saba, nayajua mafuta, na ninajua taka. Taka ya mafuta ukiifikicha inapaka kidole. Hii haikupaka. Ilikuwa ngumu, imejikunja, inang'aa. Nikaitazama kwa muda, kisha nikaitazama mbuzi yangu na meno yake ya chuma. Mbuzi haitoi uchafu kwenye nazi. Mbuzi inatoa nazi. Kile mume wangu alichokuwa akikionyesha chumba kizima kama ushahidi wa vumbi kilikuwa ni santuri yenyewe, imekunwa.

Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma. "Mama Kibibi, sindano hizi nimezitumia miaka tisa. Hazijawahi kukuna kitu."

"Santuri za zamani zilikuwa ngumu kama sahani ya kauri," nikasema. "Hizi ni laini. Hata wewe uliibonyeza ikapinda."

"Kapike," akasema.

Sikupika. Nilichukua ile santuri ya saba kwa Kibibi, nikaenda nyumba za wafanyakazi wa hospitali kwa Baya, aliyekuwa akifunga vidonda. Baya alikuwa na gramafoni ndogo ya betri, ya kubeba kama mkoba. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kijiti cha kiberiti, na sindano yake ilikuwa chembe ya jiwe huioni mpaka uinamie. Tuliipiga mara nne. Mara ya nne ilikuwa sawa na ya kwanza. Baya akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwomba afuatane nami nyumbani, aje ashuhudie.

Othman sikumwambia lolote. Nilisema tu, "Kuna santuri Baya anataka uihukumu." Hawezi kukataa hilo, hata angekuwa anakata roho. Akanawa mikono. Akaishika kwa viganja, akaielekezea dirishani, akatazama tundu. Kibibi alikuwa amesimama mlangoni na Biasha.

"Mwali," akasema Othman. "Safi kabisa. Hii ndiyo inayoitwa santuri. Mngemwonyesha yule dobi."

"Ni yake," akasema Kibibi. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye tangu Alhamisi. "Ya saba. Ilinunuliwa siku moja na zile sita. Ipige, Baba."

Nilijua anachokitoa. Hakuwa na kitu kingine cha Mselem, hata kitambaa. Nikamwambia, "Mwanangu, inatosha, ameshahukumu." Akatikisa kichwa.

Othman akaitia. Mkono wake ulikuwa hauna haraka kama siku zote. Ikaimba vizuri. Akaunyanyua mkono wa gramafoni, na pale kwenye ncha ya sindano palikuwa na uzi mweusi. Nilimwona akiutazama. Akaufikicha kwa vidole viwili, akavitazama vidole. Vilikuwa safi. Akataka kufunga kifuniko.

"Mara ya pili, Baba," akasema Kibibi. "Kama ulivyozifanya zile."

Akaipiga mara ya pili. Samaki wakaanza kukaangika. Baya aliangalia miguu yake. Mwimbaji alikuwa akiimba habari za mtu aliyesafiri, na kila neno lilikuja limekwaruzwa, na hakuna mtu chumbani aliyemwomba Othman asimamishe mpaka ulipokwisha upande mzima.

"Ni daraja gani sasa?" nikamwuliza. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka yote, nilijiona nafurahi na sikuona haya.

Alitaka kumtuma mshenga Galu. Nikamwambia mshenga hakuingia chumbani na gramafoni, aende aliyeingia. Akapanda basi Jumatano, na zile santuri sita kwenye kikapu, nami nikafuatana naye kuhakikisha hashukii njiani. Bwana Abdulrahim alitukaribisha kwa adabu, akatuletea kahawa, akarudi kwenye cherehani yake. Aliyetusikiliza alikuwa Bi Kadzo. Othman alijaribu kuanza na habari za Diani, za miaka tisa, za sindano za Kizungu. Nikakohoa. Basi akasema, "Zilikuwa mpya. Nimeziharibu mimi, mbele yenu, nikawaiteni wezi."

Mselem alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, sanduku lake la safari limeshafungwa. Bi Kadzo akanywa kahawa yake mpaka mwisho.

"Ndoa itafungwa," akasema. "Mwanangu hatakwenda Mackinnon Road. Lakini ulituvunjia heshima kwa santuri, na heshima itarudi kwa santuri. Siku ya harusi hatutaki ngoma wala hatutaki tarumbeta kwa bibi harusi. Zitapigwa hizo sita, zote, pande zote mbili, uwanjani kwako, watu wakisikia. Na atakayetia ufunguo ni wewe. Atakayekuuliza, utamjibu."

Harusi ilikuwa wiki mbili baadaye, baada ya sala ya adhuhuri. Watu walijaa kuliko harusi yoyote ninayoikumbuka, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea na watu wetu hawana kazi. Othman alikuwa amevaa kanzu iliyofuliwa kwa dobi. Aliketi katikati ya uwanja kwenye kiti kimoja, gramafoni mezani, akitia ufunguo na kubadilisha sindano, na kutoka kwenye gramafoni ile kulitoka kukaangwa kwa samaki wote wa bahari. Nyimbo nzuri kabisa, na ndani yake hakuna kitu. Watoto waliziba masikio. Wazee walifumba macho kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mkuu wa wilaya.

Na walimwuliza. Wa kwanza alikuwa Mangi wa Ramisi, ambaye hakualikwa. Akainama karibu na santuri, akanusa, akasema, "Fundi, hii ni daraja gani?"

Othman akasema kwa sauti ya chini, "Nimeiharibu mimi."

"Sijasikia, fundi. Gramafoni inapiga kelele."

"Nimeiharibu mimi!"

Uwanja mzima ukacheka, nami nikacheka. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wote waliowahi kusimama barazani kwetu wakiambiwa vitu vyao ni bibi na marehemu. Chengo alikuja kutoka Kinango na santuri yake ya kupiga magoti kwapani, akauliza kama nayo ameiharibu. Kufikia santuri ya nne Othman hakungoja kuulizwa. Alipokuwa akigeuza upande aliinua kichwa akasema, "Na hii pia ni mimi," kisha akaushusha mkono. Kufikia ya sita sikuwa nikicheka tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye mikono, naye alikuwa bado anazishika kwa viganja, ukingoni, santuri ambazo hazina tena cha kulindwa.

Alasiri wanawake wa Galu wakaja kumchukua Kibibi. Alitoka amefunikwa, Biasha upande mmoja nami upande wa pili. Desturi ni baba asimame na kumwombea binti dua akiwa ameshika kichwa chake. Tukafika mbele ya gramafoni. Othman akasimama, akanyoosha mikono, kisha akaishusha. Akasema, "Ngojeni." Akaingia ndani mbio, mtu wa umri wake, na uwanja mzima ukangoja, bibi harusi amesimama juani.

Alirudi na mikono inanukia sabuni, ameikausha kwa taulo lake la santuri. Akamshika Kibibi kichwa kwa viganja viwili, pembeni, vidole vimekaa mbali, akasoma dua yake mpaka mwisho. Nilitafuta neno la kumkejeli, kwa mazoea, sikulipata.

"Nilikuambia ni mpya, Baba," akasema Kibibi chini ya ushungi.

"Uliniambia," akasema Othman.